Mume Wangu Amekataa Kuingia

Jogoo alikuwa hajawika niliposikia "psss" upande wa pili wa ukuta.

Mogesi anafungua kinywaji chake cha enaji. Tangu mke wake aondoke hakuna wa kumchemshia uji, na mimi nikimchemshia anasema hana hamu. Asubuhi enaji, mchana soda, jioni enaji tena. Eti vinampa nguvu.

Nguvu! Nililala pale natazama bati na moyo unaniuma. Nguvu ndiyo hiyo tunayoitafuta mwezi mzima na haionekani.

Kwako uliyekosa gazeti la wiki iliyopita: Mogesi ni mjukuu wangu, dereva wa lori la mawe hapa Kewanja. Mwaka huu mambo yake ya chumbani yalizimika. Akanyamaza. Akanunua vidonge kwa mtu anayetembeza dawa kwenye begi stendi, navyo vikamletea kichwa kuuma na si kingine. Tabitha, mke wake, akafunga nguo akarudi kwao Machochwe bila kutaja kisa. Baba yake, Mzee Heche, hata salamu hatupi tena. Alituma neno moja tu: Jumapili wazee wake wanakuja kuvunja ndoa.

Na siku hiyo ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi.

Kwetu kijana hawezi kumwambia baba yake habari kama hizi, wala mama yake. Lakini bibi ni mtani. Tangu Mogesi ananyonya ninamwita mume wangu, naye ananiita mke wangu. Tabitha alipokuja nikamwita mke mwenzangu. Ni humo kwenye utani ndimo Mogesi alimonivujishia siri yake. Bila utani angekufa nayo.

"Mke wangu," alisema akiegemea mlango wa jikoni, chupa mkononi. "Twende leo. Lakini Mugumu. Hapa kila nesi ananijua."

"Twende, mume wangu. Na hiyo chupa?"

"Ya njiani."

Babu yake, Waitara, alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Kifua kikambana, akatoa kichupa chake cha kahawia, akaweka kidonge chini ya ulimi, akasubiri kidogo, akanyanyuka.

"Mnaenda wapi asubuhi yote hii?"

"Kupima macho yangu," nikamdanganya.

Alivua sweta lake akanipa. "Darajani pale kuna baridi," akasema. Hakuuliza zaidi. Ndivyo alivyo mzee wangu.

Tulivuka mto Mara kwa pikipiki, mimi nyuma nimejifunga kitenge mpaka masikioni. Tulipofika hospitali Mogesi akaenda dirishani kukata kadi. Alirudi na kadi yenye jina langu.

"Matiko? Anayeumwa ni mimi?"

"Bibi, punguza sauti."

Tulikaa kwenye benchi. Jina langu likaitwa. Mogesi akaenda mlangoni, akachungulia, akarudi haraka kama aliyeona nyoka.

"Ni mwanamke."

"Sasa?"

"Ni mwanamke, Bibi. Rika la Tabitha kabisa."

"Amesomea."

"Yeye amesomea kusikiliza. Mimi sijasomea kusema."

"Mogesi, kiuno changu kimekufa ganzi kwa pikipiki yako. Nyanyuka uingie."

"Ingia wewe. Mwambie, akupe dawa, tuondoke."

Nilitamani kumpiga kwa kiatu. Mtu mzima, ana ndevu, anaendesha lori kubwa kuliko nyumba, anaogopa mlango! Lakini Jumapili ilikuwa haitusubiri. Nikaingia peke yangu.

Daktari alinyanyuka akanisogezea kiti. Kisha akafunga dirisha, ili waliokaa nje wasisikie. Nikampenda hapo hapo. Aliniambia anaitwa Felistas Akello, mtoto wa Shirati.

"Shikamoo, Bibi. Tukusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu."

Kiswahili changu ni cha darasani kidogo na sokoni sana. Aibu ikinibana nakimbilia utani, maana sijui njia nyingine ya kusema mambo haya.

"Mume wangu amekataa kuingia," nikasema. "Yuko hapo nje kwenye benchi. Nguvu zake za kiume zimekwisha. Hakuamki kitu."

Hakucheka. "Tangu lini?"

"Tangu mavuno."

"Pole. Na nyumbani mko wenyewe wawili?"

"Wake tuko wawili. Mwenzangu bado kijana, ndiye aliyeondoka. Mimi nimeshamzoea."

Midomo yake ilicheza kidogo, akaibana.

"Na mzee anatumia dawa nyingine yoyote?"

Mzee. Nyumbani kwetu mzee ni mmoja. Nikajua anauliza magonjwa ya ukoo, kama wanavyouliza siku zote.

"Mzee anatumia ya kifua. Kikimbana anaweka kidonge chini ya ulimi."

Daktari aliweka kalamu mezani.

"Bibi, nisikilize vizuri sana. Dawa za nguvu za kiume, iwe ya aina gani, na hiyo ya chini ya ulimi, zisikutane. Zikikutana presha inaporomoka ghafla, mtu anaanguka, na anaweza asinyanyuke tena. Kwa hiyo siwezi kuandika. Hata nusu kidonge."

"Zisikutane kabisa?"

"Kabisa."

"Hata zikiwekwa vyumba viwili?"

Alinitazama. "Vyumba vitasaidia nini, Bibi?"

Nikashukuru, nikatoka. Safari yote ile, na hakuna dawa.

"Vipi?" Mogesi akaniuliza.

"Amekataa. Anasema dawa yako na ya babu yako zisikutane. Zikikutana mtu anakufa."

"Zikutane wapi?"

"Si tunaishi ua mmoja?"

Macho yakamtoka. "Kwa hiyo mpaka Babu afe ndipo mimi niwe mwanaume?"

"Usiseme hivyo!"

"Si ndivyo alivyosema?"

Alikuwa amepaza sauti, na watu wakageuka. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha pembeni yetu alianza kumwimbia mtoto wake kwa nguvu, na mtoto mwenyewe alikuwa amelala. Alituimbia sisi, atufunike. Mungu ambariki popote alipo.

Mogesi alikaa, akashika kichwa. Kisha akanigeukia taratibu.

"Hebu rudia. Ulimwambiaje? Neno kwa neno."

"Nilimwambia mume wangu amekataa kuingia."

Akanisogelea.

"Mume wako."

"Si ndivyo ninavyokuita?"

"Halafu ukamtajia dawa za Babu."

"Aliuliza za mzee!"

"Bibi Matiko! Huyu daktari sasa anajua kwamba Babu Waitara, na uzee wake wote ule, ana mke kijana na anatafuta…" Hakumaliza. Mimi mwenyewe nilishaziba mdomo kwa sweta la huyo huyo Waitara.

"Siku akiletwa hapa na kifua chake," Mogesi akasema, "watamtazama kwa macho gani?"

Akanyanyuka. Chupa yake ilikuwa imebaki nusu, akaitupa kwenye pipa. Akagonga mlango ule ule, nami nyuma yake.

Nilimbembeleza mwezi mzima aende mwenyewe kwa daktari, akakataa. Heshima ya babu yake ikamsukuma kwa dakika moja.

"Daktari," akasema akiwa bado amesimama, "mume ni mimi. Mjukuu wake. Babu hana shida na mtu."

Daktari Felistas alimtazama yeye, akanitazama mimi, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Bibi wee! Na mimi bibi yangu kule Shirati alikuwa ananiita mke mwenza. Nilisahauje?" Kisha akawa mpole. "Kaa, kaka. Umefanya vizuri kuingia."

Alimpima presha. Akamchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine. Akamuuliza kama kifua kinamuuma, kama anaweka chochote chini ya ulimi. Hapana. Kama ameshawahi kutumia vidonge vya kazi hiyo.

Mogesi alitazama sakafu. "Mara mbili. Vya kwenye begi."

"Aliyekuuzia alikueleza nini?"

"Nimezee na enaji."

Daktari alivuta pumzi. "Sikiliza. Tunazoandika zaidi ni mbili. Ya kwanza sildenafil. Unaimeza kama saa moja kabla, inafanya kazi kwa saa chache, inaondoka. Haielewani na tumbo lililojaa mafuta. Ukila nyama nono inachelewa sana, unaweza kudhani umemeza chaki. Ya pili ni tadalafil. Hiyo haijali chakula, inakaa mwilini mpaka kesho yake na kupita. Wengine tunawapa kidogo kidogo kila siku."

"Ipi ni kali?"

"Wanaume wote mnauliza hilo! Hapa hatushindanishi ukali. Tunaangalia ipi inakufaa wewe na maisha yako."

Mimi nikaona nisaidie. "Moja ni moto wa mabua, nyingine ni moto wa gogo."

"Ndiyo hivyo, Bibi. Na zote mbili haziwaki bila kiberiti. Lazima mtu awe anamtaka mwenzake. Kidonge hakileti mapenzi, wala hakisuluhishi ugomvi."

Aliendelea. Zote zinaweza kuleta kichwa kuuma, uso kuwaka, pua kuziba kama mafua. Ya gogo inaweza kuumiza na mgongo. Zisichanganywe. "Na ikisimama masaa manne haishuki, hapo unakimbia hospitali. Usikae kujisifu."

Mogesi alitabasamu. Mara ya kwanza tangu Tabitha aondoke.

Kimashine kilikuwa kimeshalia, nasi tuko kwenye maneno. Daktari akakisoma, na uso wake ukabadilika.

"Umekula nini leo?"

"Sijala."

"Umekunywa?"

Nikajibu mimi. "Psss."

"Sukari yako iko juu sana, kaka. Lazima tupime tena kwa damu ya mshipani, tuhakikishe. Lakini ikiwa ndivyo, hii inaweza kuwa ndiyo iliyozima huko kote."

"Nilikuwa nakunywa nipate nguvu," Mogesi akasema.

Hakuna aliyecheka. Nilitaka kulia kwa hasira. Tulienda kutafuta dawa ya ugonjwa mmoja, tunarudi na ugonjwa wa pili!

Daktari alituambia kwamba kama vipimo havitakataa atamwanzishia ya gogo, kiasi kidogo, lakini sukari ikiachwa hivyo hata gogo halitawaka vizuri. Na enaji ziishe leo. "Na mkeo aje," akamaliza. "Nizungumze nanyi wote wawili."

"Hapana." Mogesi alinishika mkono. "Bibi, Tabitha asijue habari za vidonge. Niapie."

"Mogesi…"

"Niapie!"

Nikaapa. Mjinga mimi.

Yeye alibaki kwenye foleni ya maabara. Mimi nikachukua pikipiki nyingine mpaka Machochwe.

Tabitha alikuwa uani anapepeta ulezi. Aliponiona aliweka ungo chini, akaniletea kigoda, kisha maji ya moto niweke miguu, maana aliona ninavyochechemea. Mtu mwenye hasira na sisi, na bado aliona miguu yangu.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "mume wetu anaumwa. Wamemkuta na sukari."

"Sukari?" Alishika shavu. "Anatibiwa?"

"Nimemwacha hospitali Mugumu."

Akajifuta macho kwa upande wa khanga. Nikajisemea, Matiko, umeshinda.

"Pole yake," akasema. "Huyo mwanamke wake amuuguze."

"Mwanamke gani?"

"Bibi, usinifanye mtoto. Nilikuta vidonge mfukoni mwa suruali yake. Nikamwonyesha nesi wa hapa, akaniambia ni vya kazi gani. Viwili vilikuwa vimeshatumika. Na kwangu hakijatumika kitu, unanielewa? Kwangu analala kama gogo. Sasa kama havitumiki kwangu, vinatumika kwa nani?"

Jibu lilijaa mdomoni, lakini nilikuwa nimeapa. Nilitamani Mogesi awe hapo nimtikise.

Ndipo nikakumbuka daktari. Kuuliza chakula si kuvunja kiapo.

"Tabitha, usiku ule kabla hujaondoka mlikula nini?"

"Chakula kinahusu nini?"

"Niambie tu."

"Kondoo. Mkia wenyewe, mafuta yanaelea. Aliniomba mwenyewe, ati apate nguvu. Akala sahani mbili."

"Na ile siku nyingine aliyoumwa kichwa?"

"Supu ya kondoo huyo huyo."

"Basi," nikasema. "Kuna vidonge ambavyo mtu akila mafuta ni kama amemeza chaki. Daktari ndivyo alivyosema. Mimi sijakuambia kitu. Nimeapa."

Aliniangalia. Akauangalia ungo. Tabitha ana akili, na niliona jambo linamwingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye udongo mkavu.

"Kwa hiyo vile viwili…" Sauti ikamkatika. "Vilikuwa vya kwangu?"

"Nimeapa."

"Vilikuwa vya kwangu, na hakuniambia!" Alicheka na kulia kwa pamoja, akapiga ungo teke, ulezi ukatawanyika. "Nimelia mwezi mzima kwa mwanaume anayenionea aibu mimi! Mimi niliyemfulia soksi! Ngoja nivilete. Leo hii naondoka na wewe, nikamrudishie mkononi, anieleze kwa mdomo wake."

Akakimbia ndani. Mimi nikamshukuru Mungu, nikaanza kufuta miguu.

Alirudi na kikombe cha bati alimokuwa amevificha. Kitupu.

"Havipo, Bibi. Jana mchana vilikuwemo vitatu. Na niliyemwonyesha ni mama peke yake."

Kabla sijajibu, Mzee Heche akatokea kutoka nyuma ya nyumba.

Mzee huyu alikuwa ameacha hata kutusalimia. Sasa alikuja anatabasamu, macho mekundu, uso unang'aa kama aliyekaa karibu na tanuri.

"Shikamoo, mama! Karibu, karibu sana!"

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri mno! Isipokuwa kichwa kinanigonga tangu alfajiri, na pua imeziba. Sijui mafua gani haya. Lakini mwili, mama, mwili ni wa kijana!"

Jikoni, mke wake alikohoa, akageukia ukutani.

Tabitha aliinamisha macho chini. Binti hawezi kumuuliza baba yake jambo kama hilo. Nami ni upande wa wakwe, hata kumshika mkono siruhusiwi.

"Mzee Heche," nikaanza, "hiyo pua…"

"Achana na pua! Nimeamka na moyo mwepesi. Hayo ya Jumapili nimeyafikiria upya. Hawa ni vijana, wanaweza kupatana. Tutakaa tuongee kwa wema."

Neno nililolitafuta kwa machozi, nikapewa bure. Kidonge kile kile kilichovunja ndoa ndicho kilichokuwa kinaiunganisha, tena kwenye mwili usio wa Mogesi. Nikashindwa kufurahi, na sikujua bado kinachonitisha ni nini.

Alisema atanisindikiza mwenyewe mpaka barabarani. Tabitha, ambaye sasa ilibidi angoje hiyo Jumapili, akaja nyuma yetu na mfuko wa ulezi aliouokota kunizawadia. Mzee alitembea haraka, anaongea, anacheka. Tulipofika kwenye kile kilima cha mwisho, akasimama. Akaweka kiganja kifuani.

"Kamlima haka," akasema akitweta. "Huwa kananibana. Usiogope, mama, dawa ninayo."

Akaingiza mkono mfuko wa shati. Akatoa kichupa. Cha kahawia, kidogo, kama cha Waitara.

Akilini nilimwona daktari akiweka kalamu mezani. Zisikutane. Kabisa.

Nikafungua mdomo. Nimwambie nini, na bintiye amesimama nyuma yake? Kwamba najua alichomeza jana, ni cha nani, na kwa nini mkwe wake alikinunua? Aibu ya Mogesi, aibu ya mzee, ukwe, kiapo, vyote vilinizuia kwa pamoja.

"Wewe nenda salama, mama, nitapumzika hapa," Mzee Heche akasema, huku kidole gumba kikisukuma kifuniko. "Ila uje tena. Jumapili uje tena kututembelea, uje na huyo mume wako."